Jinsi tulivyopata mwenyekiti na katibu wa baraza letu la kujitolea

Sasa nimepumua, kwa hiyo naandika ili wengine wasisumbuke. Baraza la mradi wetu lilikuwa na wajumbe wazuri, ila halikuwa na mwenyekiti wala katibu. Maazimio yalipita bila mfuatiliaji, na kila mkutano ulianza kwa ubishi kuhusu kilichoamuliwa mara iliyopita.

Tuliomba watu wajitokeze: kimya. Tukajaribu zamu, kumbukumbu zikatawanyika.

Kilichofaa ni hiki. Kwanza niliandika majukumu kwa mistari michache: mwenyekiti huandaa ajenda na kuongoza mjadala; katibu huandika azimio, jina la mtekelezaji na tarehe ya mwisho. Halafu, na hapa ndipo kulipokuwa na ufunguo, nikaweka kikomo cha kila nafasi: miezi 6, na tarehe ya kukabidhi ikiandikwa kabisa. Kumbe kilichowatisha watu kilikuwa mzigo usio na mwisho. Waliokuwa wakikataa wakakubali kupendekezwa. Tukapiga kura ya siri, katibu kwanza, ili aandike matokeo ya mwenyekiti papo hapo. Aliyemfuata katibu kwa kura akawa katibu msaidizi. Siku hizi kumbukumbu huwafikia wajumbe mapema, na ajenda huanzia hapo.