Neno la Shemeji

Harusi imepita salama, wageni wa Mombasa wamesharudi, Mama amelala mchana kutwa. Mimi bado nina neno moja la Shemeji limenikaa kooni.

Mnamjua, yule anayetunza seva kazini kwao, mume wa dada. Tulikuwa barazani baada ya magharibi, nikamwonyesha kwenye simu fs/locks.c, kipande cha msimbo wa mfumo endeshi wa Linux kinachotunza kufuli za faili, yaani alama za programu kusema "faili hili ninalitumia mimi". Kuna BUG_ON hapo, amri ya kuua mchakato (programu inayoendeshwa) kosa likionekana: kufuli likitupwa na bado limo kwenye orodha, simamisha.

"Huo ujeuri," akasema. "Unaua mchakato ulioshika kufuli la ndani ya Linux yenyewe, nani atalifungua? Wengine wote wanasubiri, mashine inaganda, hata logi hupati. Weka WARN_ON, itoe onyo tu, kazi iendelee."

"Iendelee na orodha mbovu? Programu mbili, kila moja yaamini faili ni yake peke yake, zote zinaandika. SQLite, hifadhidata ile, inategemea kufuli hizo hizo, Shemeji."

Akacheka, hamri mkononi. "Wewe hujawahi kuamshwa saa nane za usiku."

Watu wakacheka naye. Hoja yake ina uzito, siikatai: mwongozo wa Linux wenyewe unasema BUG() mpya zisiongezwe, na Linus Torvalds, mwanzilishi wake, amezikemea miaka mingi. Lakini "hujawahi kuamshwa"! Hilo halijibu kitu, linakutoa barazani kabla hujamaliza kusema. Hujawahi kuamshwa. Na tabasamu lile.

Jibu likanijia jana nikianika nguo, kama kawaida ya majibu. Kerneli, kiini cha Linux, itoe onyo tu, sawa. Anayejali data kuliko uhai wa mashine awashe mpangilio wa panic_on_warn, kila onyo liisimamishe mashine. Hapo mwenye seva ndiye anayeamua. Ningemwambia hivyo angenyamaza. Au angeniuliza ni nani kazini kwao atakayethubutu kuiwasha, halafu angecheka tena.

Baba naye alikuwepo, na tasbihi yake, nikidhani hasikilizi. Akauliza: "Hizo kufuli zenu, asiyepiga hodi zinamzuia vipi?"

Tukatazamana. Hazimzuii. Kufuli za faili za Linux ni za hiari: programu isiyouliza huingia ikaandika. Zile za lazima zilikuwepo, hazikuaminika, zikaondolewa kwenye toleo la 5.15 mwaka 2021. Na za POSIX, kanuni za mifumo ya jamii ya Unix, zina vituko vyake: mchakato ukifunga deskripta yoyote (namba ya faili lililofunguliwa) ya faili lile, kufuli zake zote juu ya faili hilo zinaachiwa, hata kama ni maktaba fulani iliyolifungua na kulifunga bila wewe kuwa na habari. Toleo la 3.15, mwaka 2014, likaleta nyingine zinazofuata ule ufunguzi wa faili badala ya mchakato.

Shemeji ndiye aliyemweleza Baba yote hayo, kwa adabu, bila kucheka. Baba akasema, "Mwagombana juu ya mlinzi, na mlango hauna komeo."

Leo nimekumbuka nikacheka peke yangu jikoni. Mtu ambaye siku zote huiita kazi yangu "mambo ya simu" kumbe alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali ambalo sisi wawili hatukuligusa.

Ila kesho anataka kwenda Faza na kiboti cha jirani, na kusi lilivyochafuka. Nimemwambia angoje boti kubwa, hataki kusikia. Simu yake haina chaji, na chaja dada kaondoka nayo Mombasa.