Ripoti haina hicho kipengele

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Tafakari ya wiki hii ilikuwa iwe kitu kingine kabisa, nilishaanza na Zaburi, alafu Jumanne usiku ikaingia meseji ya dada mmoja aliyeko umisheni nje ya nchi, nikaisoma usingizi ukakata. Jina lake silitaji. Ameandika hivi tu, "Mtumishi, huu ni mwezi wa nane niko huku, ripoti inatakiwa Ijumaa na sina cha kuandika." Basi. Hakuomba hela, hata maombi hakuomba. Nikajiona mimi mwenyewe pale, maana hiyo ripoti nishawahi kuikodolea macho kwenye laptopu mpaka chaji ikaisha.

Mimi nilitumwa kufundisha wachungaji. Nilienda na notisi za semina nimezichapisha nimezipiga na kava, kwa kweli nilikuwa najisikia. Kufika, kibali cha kufundisha hakitoki. Njoo wiki ijayo. Wiki ijayo leta barua. Barua ukiileta, muhuri wake sio. Miezi minne wapendwa, miezi minne kila asubuhi niko kwenye foleni ya vibali na begi la notisi ambazo hakuna mtu amezifungua, na jioni narudi kufunga na kukemea, nikamfunga mpaka shetani wa vibali (mnacheka, nilimfunga kweli).

Sasa turudi Matendo 16, mnaijua. Paulo anataka Asia (sio bara zima, ni jimbo la Warumi, leo magharibi mwa Uturuki), Roho Mtakatifu anamkataza. Anajaribu Bithinia, "lakini Roho wa Yesu hakuwapa ruhusa." Tukisoma haraka tunakimbilia maono ya Troa, vuka uje Makedonia utusaidie, tunapiga makofi. Lakini tulia hapo kidogo. Huyo aliyeonekana kwenye maono, sisi kwa Kiswahili tunasoma "mtu wa Makedonia" tu, ila Kigiriki kinasema mwanamume. Haya, Paulo kavuka, kafika Filipi, wamekaa siku kadhaa, Sabato wanatoka nje ya lango kando ya mto, wanamkuta nani? Wanawake. Mwanamume wa maono haonekani (wapo wanaosema ndo yule mlinzi wa gereza wa mbele huko, sawa, sibishani). Na wa kwanza ambaye Bwana anaufungua moyo wake ni Lidia, muuza zambarau, mwenyeji wa Thiatira. Thiatira iko wapi? Asia! Ile ile Asia aliyokatazwa kuhubiri. Yaani kazuiwa kwenda Asia, kavuka bahari, na mtu wa kwanza anayempokea ni mtu wa Asia amekaa kando ya mto wa ugenini. Mimi nilipoliona hili nilifunga Biblia kwanza nikatembea tembea.

Alafu angalia walichofanya pale mtoni. "Tukaketi." Hawakupanga viti, hawakufunga spika, waliketi wakasema na waliokuwepo.

Nirudi kwenye foleni yangu. Siku moja mzee mmoja pembeni yangu akaninyooshea fomu na kalamu, hajasema neno. Nikaelewa hajui kusoma. Nikamjazia. Aliyekuwa nyuma yake akaona, naye akatoa ya kwake. Mwezi wa pili nikawa natoka nyumbani na kalamu tatu maana moja ilikuwa inaisha wino kabla ya saa sita, na bado usiku nikiomba namlalamikia Mungu kwamba sina huduma. Sikuunganisha kabisa. Kwangu huduma ilikuwa kwenye begi, ile ya kalamu ilikuwa ni kupitisha muda tu mpaka mlango ufunguke.

Ndo akaja mama mmoja. Mkimbizi, anaongea lugha ya pale kwa kuunga unga na mimi yangu ni ya kuunga unga vile vile. Tukajaza jina, tarehe, alikotoka, tukafika pa majina ya watoto. Akataja wawili. Nikaandika. Akanyamaza, alafu akaniuliza, na yule aliyebaki njiani naye tumwandike? Nikaiangalia ile fomu. Imeandikwa watoto ulionao. Mistari minne, miwili imejaa miwili iko wazi, na mimi mhubiri wa semina sina jibu. Sikuweza kumwambia hapana, na ndio isingekuwa kweli. Nikatoa notisi zangu, nikafungua ukurasa wa mwisho ulio mweupe, nikamwambia nitajie nimwandike hapa. Akataja. Akanisahihisha herufi moja. Akawa anauangalia ule ukurasa, kisha akauliza, wewe ni mtu gani, mbona huna haraka kama wengine?

Tulitoka nje tukakaa chini ukutani, nikamwambia mimi ni wa Yesu, nikaomba naye nikilitaja lile jina. Hakuongozwa sala ya toba. Sikumwalika popote maana sikuwa na pa kumwalika. Alinishika mkono akaenda dirishani, na sikumwona tena mpaka leo.

Mwezi ulipoisha nikafungua ripoti. Waliookoka, waliobatizwa, semina zilizofanyika, makanisa yaliyopandwa. Sifuri, sifuri, sifuri, sifuri. Nikaona kumbe tunafanana mimi na yule mama, fomu yake haina nafasi ya mtoto wake na ripoti yangu haina nafasi ya yule mama. Tofauti ni kwamba fomu yake iliandikwa na serikali. Yangu iliandikwa na ndugu zangu katika Bwana.

Na hapa naomba mnivumilie niseme na sisi tunaotuma, nikiwemo na mimi maana siku hizi niko upande huo. Tunawafanya nini hawa watu tuliowawekea mikono? Tunawaaga kwa machozi na nyimbo, alafu kinachofuata ni wangapi, wangapi, tuma picha. Mmishenari anajifunza kupiga picha kabla hajajifunza salamu za watu wa pale. Wengine wanaanza kuongeza namba, tusijidanganye, na dhambi hiyo tumeisaidia sisi kuizaa. Mwingine anarudi amevunjika anasema Mungu hakunitumia, kumbe alitumika kila siku ila hakuna aliyemuuliza swali ambalo jibu lake ni hilo. Mathayo 25 wale wenye haki wanamuuliza Mfalme, Bwana ni lini tulikuona u mgeni? Hawana habari! Wao wenyewe hawakuwa wameandika popote. Sasa sisi tumepata wapi ujasiri wa kudai kila kitu kihesabiwe kabla ya tarehe thelathini?

Sisemi watu wakae bure. Uvivu upo hata umisheni, na kibali ukiwa unakifuatilia kifuatilie mpaka mwisho. Na lingine linanikera kidogo, ile ya mtu kurudi na kusema "Mungu alinipeleka kule ili anifundishe mimi." Ni kweli nusu. Yule mama hakufiwa na mtoto ili mimi nipate somo la unyenyekevu. Nilipelekwa kwa ajili yake, hata kama ni kwa asubuhi moja.

Mfikirieni na Krapf, yule mmishenari Mjerumani. Alitumwa kwa Wagalla, ndo tunaowaita Waoromo leo, akazuiwa upande wa Ethiopia, akazungukia pwani akafika Mombasa 1844 akitafuta njia nyingine ya kuwafikia. Mwaka huo huo akamzika mkewe Rosine na binti yao mchanga. Kwa Waoromo hakufika kama alivyopanga. Lakini akiwa anasubiri hiyo njia akakaa na Kiswahili, lugha iliyokuwa na washairi wake zamani kabla yake, akaanza kutafsiri Mwanzo, sarufi ikatoka 1850, kamusi ikachapishwa 1882, mwaka mmoja baada ya yeye kufa. Ile aliyoiona ni njia ya kupitia ndo kazi tunayomkumbukia. Sijui ripoti zake walizisomaje waliomtuma.

Kwa hiyo wewe uliyeko mbali na mlango umekataa, nakusihi kama ndugu yako, usiache kuomba ufunguke lakini usiombe umefumba macho saa zote. Nani yuko pembeni yako kwenye hiyo foleni? Nani anakunyooshea kalamu? Inawezekana Asia yako imeshakuja imekaa hapo mtoni na wewe unaulizia meli ya Bithinia.

Alhamisi nilimpigia yule dada. Sikumuuliza wangapi. Nilimuuliza wiki hii umekaa na nani? Akasema hakuna. Alafu akasema, labda yule jirani. Kumbe kuna jirani ana mgonjwa wa muda mrefu ndani, kila jioni anakuja anakaa mlangoni kwake, haongei, anakaa kama saa nzima anaondoka, na juzi kabla ya kuondoka kamwambia kesho ukiomba nitaje. Nikamwambia hilo liandike. Akaniuliza, kwenye kipengele gani? Nikamwambia chora mstari wako chini kabisa.

Ameituma jana. Kamati haijajibu bado. Tumwombee, tumwombee na jirani yake na mgonjwa wake, na wale wa kamati pia.