Kwa Basi Hadi Dunedin, Nikiyafuata Majina ya Herufi Ndogo

Santuri nikiishika, huigeuza kwanza nitazame upande wa nyuma. Huko ndiko huandikwa, kwa herufi ndogo, nani aliazimwa kupiga kinanda, nani alikaa kwenye mashine ya kurekodia, nani alichora jalada. Bendi ikinikuna, simfuati mwimbaji peke yake. Namfuata pia yule wa herufi ndogo, nijue baadaye alipiga na nani. Bendi nyingi ninazozipenda nimezipata kwa njia hiyo, na ndiyo iliyonifikisha Christchurch, kwenye Kisiwa cha Kusini cha Nyuzilandi, mwezi wa Julai, baridi ikipenya hadi kwenye mifupa na tiketi ya basi la Dunedin, mji ulio kusini zaidi, ikiwa mfukoni.

Christchurch ilikuwa lazima niianze. Ndipo mahali ambapo mwaka 1981 Roger Shepherd, aliyekuwa akisimamia duka la santuri, alianzisha lebo, yaani kampuni ya kutoa santuri, ya Flying Nun. Alikuwa akiwaona vijana wa kusini wakipiga muziki usiofanana na kitu chochote kilichokuwa redioni, na hakuna kampuni kubwa iliyotaka kuwarekodi. Akaamua kutoa santuri zao mwenyewe. Ya kwanza ilikuwa ya Pin Group, bendi ya hapohapo mjini. Ya pili ilikuwa “Tally Ho!” ya The Clean kutoka Dunedin, wimbo uliogharimu dola 60 za Nyuzilandi kuurekodi. Ukapanda hadi nafasi ya 19 kwenye chati ya taifa.

Usikilize wimbo huo kwa makini. Ngoma ni rahisi, gitaa linakwaruza, lakini kinachokushika ni kile kinanda chembamba kinachorukaruka juu ya kila kitu kama mtoto aliyefunguliwa mlango. Aliyekipiga hakuwa mwanachama wa The Clean. Ni kijana aliyeitwa Martin Phillipps, na yeye alikuwa na bendi yake, The Chills. Kwa hiyo wimbo mmoja wa dola 60 umeshakupa bendi mbili.

Katikati ya mji nilitembea asubuhi nzima. Tetemeko la Februari 2011 liliua watu 185 na kuangusha sehemu kubwa ya majengo ya kale, kwa hiyo anayekuja kutafuta kumbi za zamani atakuta viwanja vitupu na majengo mapya ya vioo. Sikuhuzunika kama nilivyodhani ningehuzunika, kwa sababu bendi niliyoijia hapa bado ipo. The Bats waliundwa Christchurch mwaka 1982 na Robert Scott, mpiga besi wa The Clean, akiwa na Paul Kean, Kaye Woodward na Malcolm Grant. Watu haohao wanne wamepiga pamoja kwa zaidi ya miaka arobaini. Sijui bendi nyingine nyingi za kusema hivyo juu yake. Albamu yao ya kwanza, “Daddy's Highway” ya 1987, ndiyo ninayompa mtu yeyote anayeniuliza aanzie wapi na muziki wa kusini: magitaa mawili yanajibizana bila kugombana, sauti ya Scott haipandi wala haishuki sana, na ya Kaye Woodward inaingia pembeni pale hasa unapoihitaji. Ni muziki wa watu wanaosikilizana. Ukiusikia mara ya kwanza unaweza kudhani nyimbo zote ni moja. Urudie. Mara ya tatu utaanza kuimba besi.

Treni ya abiria kati ya Christchurch na Dunedin ilisimamishwa mwaka 2002, kwa hiyo msafiri wa leo asiye na gari hupanda basi. Ni kilomita kama 360, karibu siku nzima ya mchana. Kwanza ni tambarare za Canterbury, mashamba yaliyonyooka hadi macho yachoke, safu ya milima yenye theluji ikibaki kulia kwako muda wote. Unavuka mto Rakaia juu ya daraja refu kuliko madaraja yote ya barabara nchini humo, zaidi ya kilomita moja na nusu, chini yake mto umegawanyika vijito vingi vya rangi ya maziwa. Baada ya Timaru bahari inaanza kuonekana kushoto.

Hapo ndipo nilipovaa vipokea sauti na kuisikiliza “Dunedin Double”. Nilikuwa nimeitunza kwa ajili ya barabara hii. Ni santuri mbili katika jalada moja, zilizotoka 1982, bendi nne, kila bendi upande mmoja: The Chills, Sneaky Feelings, The Stones na The Verlaines. Herufi ndogo zinasema waliorekodi ni Chris Knox na Doug Hood, kwa mashine ya TEAC yenye njia nne tu. Njia nne maana yake ni kwamba ngoma, besi, magitaa na sauti lazima vigawane nafasi finyu. Ukitaka kuongeza kitu, unavichanganya vilivyopo kwanza, na kila ukichanganya, ukungu kidogo unaingia. Wengi hulalamika kwamba santuri hiyo imefifia. Mimi naupenda ukungu huo. Ndani yake unasikia wanamuziki wenye umri wa miaka ishirini hivi ambao hawakupata nafasi ya kujificha nyuma ya mapambo, na kama wimbo haukuwa mzuri wenyewe, hakuna ambacho kingeuokoa.

Kati ya wale wanne, Sneaky Feelings ndio waliosahaulika isivyo haki. Walipenda pop ya miaka ya sitini waziwazi, walipanga sauti zao kwa uangalifu, na walikuwa na waandishi wa nyimbo zaidi ya mmoja. Wakati wenzao wakisifiwa kwa ukali, wao walionekana wapole mno. Upole si kasoro. Tafuta “Send You” ya 1983 uone.

Tulivuka mto Waitaki, tukaingia mkoa wa Otago, tukapita Oamaru na majengo yake ya mawe meupe, kisha basi likapanda mlima wa Kilmog likinguruma. Tulipoteremka upande wa pili, mji ulikuwa umeshawasha taa.

Dunedin ilijengwa na walowezi wa Uskoti waliofika 1848, na katikati yake, kwenye uwanja uitwao Octagon, imekaa sanamu ya mshairi Robert Burns. Ni mji mdogo wa watu kama 130,000, wenye vilima vikali na chuo kikuu kikubwa kuliko unavyotarajia. Nilipouona nilielewa kwa nini muziki ulitoka hapa. Wanafunzi hupanga nyumba za zamani za mbao zilizo baridi ndani kama nje. Ukumbi wa kupigia uko umbali wa kutembea. Na kila mpiga gitaa anamjua kila mpiga ngoma, kwa hiyo mpiga ngoma mmoja anahudumia bendi tatu. Santuri za nje zilichelewa kufika. Waliokuwa hapa hawakungoja.

Kwenye mtaa wa Princes nilisimama mbele ya jengo la Empire, ambako bendi hizi zilipiga usiku baada ya usiku miaka ya themanini. Nilisimama kwa dakika chache tu. Kilichonivutia zaidi kilikuwa duka la santuri nililoelekezwa na mhudumu wa hoteli.

Muuzaji alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Nilimwambia nimekuja kwa ajili ya The Chills. Akanitazama kidogo, akasema, “Wote mnakuja kwa ajili ya Martin. Na mnafanya vizuri. Lakini hebu kwanza sikiliza hawa.” Akaweka Look Blue Go Purple.

Nilikuwa nalijua jina lao, sikuwa nimekaa nao. Ni wanawake watano, bendi iliyoanza 1983 na kwisha 1987, wakaacha EP tatu tu, yaani santuri fupi za nyimbo chache. Spika za duka zilikuwa kubwa, na filimbi ya Norma O'Malley ilitoka ikaelea juu ya magitaa yaliyokuwa yakizunguka yenyewe bila haraka, sauti tatu zikiimba pamoja pasipo mmoja kutaka kuwa mbele. Niliziomba zote. Leo zimekusanywa pamoja katika “Still Bewitched”, iliyotoka 2017, na sioni sababu ya mpenzi yeyote wa pop ya magitaa kukosa kuwa nayo. Waandishi wengi wakisimulia habari za Dunedin huwaweka wanawake hawa kwenye sentensi ya mwisho. Mimi ningeanza nao. Mpiga ngoma wao, Lesley Paris, baadaye aliiongoza Flying Nun yenyewe.

Kisha tukarudi kwa Martin Phillipps, maana yule mama alikuwa na mengi ya kusema. Phillipps alifariki Julai 2024, akiwa na miaka 61, na dukani bado watu huja kumzungumzia. The Chills walibadilisha wanachama mara nyingi kupita kiasi, yeye tu akibaki. Wimbo wao “Pink Frost” ulirekodiwa 1982. Kabla haujatoka mwaka 1984, mpiga ngoma wao Martyn Bull akafa kwa saratani ya damu. Alimwachia Phillipps koti lake la ngozi, na koti hilo likawa wimbo mwingine, wa kasi na wa kushangilia, uliotoka 1986. Ukizisikiliza nyimbo hizo mbili mfululizo utajua kwa nini mji mzima ulimlilia. “Submarine Bells” ya 1990, iliyoshika nafasi ya kwanza nchini mwao, ni nzuri na imepambwa. Ila ukitaka moyo wa bendi hii, anza na nyimbo za mwanzo zilizokusanywa katika “Kaleidoscope World”.

Jioni nilitembea mtaa wa Castle, uliojaa nyumba za wanafunzi. Kutoka dirisha moja lililofunikwa blanketi ilisikika bendi ikifanya mazoezi, wakirudia mistari minne ileile, wakikosea mahali palepale, wakicheka, wakianza tena. Jina lao sikulipata. Walikuwa na mpiga besi hodari.

Siku iliyofuata nilipanda basi la Port Chalmers, bandari ndogo iliyo kwenye mkono wa bahari, mwendo mfupi tu kutoka mjini. Makontena na magogo vimepangwa chini, nyumba za kale zimening'inia juu. Mwishoni mwa miaka ya themanini, Flying Nun ilipokuwa imeshakua na kuhamia Auckland, Bruce Russell aliendesha kutoka hapa lebo ya Xpressway, akitoa kaseti za wale walioonekana hawauziki na kuzituma duniani kwa posta. Barua na kaseti tu, na muziki huo ukafika mpaka Marekani na Ulaya. Peter Jefferies, mpiga piano na mwimbaji mwenye sauti nzito, alitoa kwa njia hiyo mwaka 1990 “The Last Great Challenge in a Dull World”, albamu ya huzuni iliyosimama wima. Niliisikiliza nikiwa nimekaa kwenye ukuta wa bandari hadi vidole vikafa ganzi.

Russell mwenyewe alipiga gitaa katika The Dead C, na hao si wepesi: ni kelele, mngurumo, nyimbo zinazobomoka zikiwa njiani. Lakini tazama herufi ndogo. Mpiga ngoma wao ni Robbie Yeats, aliyepiga pia na The Verlaines, bendi ya Graeme Downes, mtu aliyeandika tasnifu juu ya mtunzi Mahler na kufundisha muziki Chuo Kikuu cha Otago. Ukitaka kuingia kwa The Dead C, pitia kwa The Verlaines kwanza, usikilize jinsi ngoma zinavyowafukuza waimbaji. Ukishauzoea mkono wa Yeats, kelele itakuwa na mtu wa kumshika.

Nilirudi Dunedin na orodha mpya, na ningependa uianze wewe. Peter Gutteridge alikuwa kwenye The Clean tangu mwanzo kabisa, 1978, pamoja na ndugu wawili Hamish na David Kilgour, akapita The Chills, kisha akaunda Snapper. EP yao ya 1988 ina kinanda na gitaa vilivyokwaruzwa hadi vikawa kitu kimoja, mdundo mmoja usiokatika; isikilize kwa sauti ya juu. Dominic Stones wa Snapper alipiga ngoma katika The 3Ds, na aliyeshika besi ndani ya The 3Ds ni Denise Roughan wa Look Blue Go Purple. Albamu yao ni “Hellzapoppin” ya 1992, yenye magitaa mawili yaliyopinda na nyimbo za pop zilizofichwa chini yake. Huyo David Mitchell anayepiga gitaa humo, mtafute pia.