Jinsi nilivyojifunza kuwa tanki katika Final Fantasy XIV

Kwa majuma kadhaa katika mchezo huu wa mtandaoni, nikiwa tanki, yaani mchezaji anayevuta mashambulizi ya maadui ili kuwakinga wenzake, karibu kila kundi la watu wanne nililoliongoza liliangamia kabla ya kumfikia adui mkuu, nami nilidhani kosa ni la mponyaji. Nilikuwa nimetoka kwenye kazi ya mpiga upinde na kuchagua Dark Knight, mojawapo ya kazi za tanki, kwa kuvutiwa na upanga wake, ilhali huyo huanza katika daraja la 30, akiwa na ujuzi mwingi ambao sikuwa nimeuzoea hata kidogo.

Nilirudi Limsa Lominsa, mji ndani ya mchezo, nikaanza upya na Marauder, tanki ambaye baadaye huwa Warrior. Kwa maoni yangu ndiye anayemfaa zaidi anayeanza, kwani ujuzi humjia mmoja mmoja.

Hapo ndipo nilipogundua kosa langu la kwanza. Hali ya Defiance, inayowafanya maadui wamwandame tanki, huzimika mtu anapobadili kazi, na mara nyingi niliingia vitani bila kuiwasha, maadui wakanipita na kumvamia mponyaji. Sasa sipigi hatua kabla ya kuiona alama yake kwenye skrini.

La pili lilihusu ujuzi wa kujikinga uitwao Rampart, ambayo hupunguza madhara kwa asilimia 20 kwa sekunde 20, kisha hurejea baada ya sekunde 90 tangu itumike. Nilikuwa nikimwekea adui mkuu, kumbe makundi ya maadui wadogo ndiyo yanayoumiza zaidi. Nikafanya mazoezi na wahusika wanaoendeshwa na mchezo wenyewe, nikiibonyeza mara tu ninaposimama na kundi zima limenizunguka, na mponyaji akapata nafasi ya kupumua.