Karafuu, makonyo na mwani: uliza maji kabla ya bei

Mtu akiagiza mali ya Pemba akiwa Muscat, Dubai au Hamburg, maswali yake ya mwanzo huwa bei, uzito na siku ya meli. Ni sawa, lakini hasara nyingi za biashara hii hutokana na swali ambalo halikuulizwa: mzigo huu una maji kiasi gani? Gunia la karafuu linaweza kutoka Chake Chake likinukia vizuri, likafika limeota ukungu. Robota la mwani linaweza kupimwa kilo zile zile zilizoandikwa kwenye ankara, kumbe sehemu kubwa ya kilo hizo ni maji, chumvi na mchanga.

Nianze na karafuu, maana ndiyo mali yetu kubwa. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliing'oa mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo inayobeba zao hili.

Karafuu nzuri huanzia mtini. Huchumwa kichwa kikiwa bado kimefumba, rangi imeanza kuacha kijani na kuingia manjano yenye wekundu. Ikichumwa changa hukauka nyembamba na mafuta yake huwa haba. Ikichelewa, kichwa huchanua na kupukutika, kikabaki kijiti kitupu. Kiwango cha kimataifa cha karafuu, ISO 2254, kinaruhusu zisizo na vichwa asilimia 2 tu kwa daraja la kwanza na asilimia 5 kwa la pili, kwa hiyo mchumaji aliyechelewa wiki moja anaweza kuishusha mali nzima daraja.

Jioni ile ile huchambuliwa. Kishada hushikwa kwa mkono mmoja, kikapigwapigwa kwenye kiganja cha mkono wa pili. Karafuu zinaanguka, makonyo, yaani vijiti vya kishada, yanabaki mkononi. Usiku unaofuata ndio wa hatari kuliko wakati wowote mwingine wa zao hili. Karafuu mbichi zikilala zimerundikwa, au zimeshindiliwa ndani ya gunia, hushika moto. Tia mkono katikati ya gunia alfajiri utausikia. Zikishavunda hivyo, hata zikianikwa kwenye jua kali namna gani hazirudi: hutoka na rangi ya kahawia iliyofifia, zimesinyaa, zina kitu cheupe kama unga juu yake. Inaniuma kila ninapoona mali ya namna hii, kwa sababu mkulima amelipia uchumaji kwa pishi, amepalilia mwaka mzima, kisha bei ikaliwa na usiku mmoja. Dawa yake ni nyepesi. Zitandazwe nyembamba chini ya paa usiku huo huo, asubuhi zitolewe juani.

Jua likiwa zuri zinataka siku 4 hadi 6, na kilo 3 mbichi hutoa takriban kilo 1 kavu. Zianikwe kwenye majamvi au sakafu safi, zigeuzwe mara kwa mara, zianuliwe kabla ya umande. Usizianike barabarani; lami ina harufu yake, na karafuu hunyonya harufu. Mavuno yakiingia kwenye mvua za vuli, nunua kwa tahadhari zaidi, kwani hapo ndipo watu hulazimika kuanua zikiwa hazijakauka sawasawa.

Mnunuzi anaweza kuzijaribu bila chombo chochote. Kunja karafuu: iliyokauka huvunjika kwa mlio, yenye maji hupinda. Bana kwa ukucha karibu na kichwa: nzima hutoa mafuta. Kisha tupa chache kwenye glasi ya maji. Yenye mafuta yake huzama, au huelea wima kichwa kikiwa juu; iliyokwisha kukamuliwa mafuta hulala juu ya maji. Jaribio hili la mwisho lisipuuzwe unaponunua kwa mtu wa kati ughaibuni, kwa sababu karafuu zilizokamuliwa huchanganywa na nzima na macho peke yake hayazioni.

Kipimo cha maji kinachokubalika ni asilimia 12 kushuka chini. Hapa pana mtego ambao umegombanisha wauzaji na wanunuzi wengi. Maabara ikiitia karafuu kwenye tanuri la nyuzi 105, mafuta nayo yanaruka pamoja na maji, na jibu linatoka kubwa kuliko ukweli. Njia sahihi kwa viungo ni kuichemsha karafuu ndani ya tolueni, kimiminika cha maabara, na kuyakusanya maji yenyewe kwenye mrija wenye alama za vipimo. Iandikwe kwenye mkataba, kwa jina, kwamba njia ni hiyo. Vilevile kifaa cha mkononi kilichotengenezwa kwa ajili ya mahindi hakifai kwa karafuu, hata kikionyesha namba nzuri.

Kwa nini mafuta yanahesabiwa hivi? Kwa sababu ndiyo yanayonunuliwa. Karafuu ya daraja la kwanza na la pili inatakiwa kutoa angalau mililita 17 za mafuta kwa kila gramu 100, na la tatu mililita 15. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni yujeno (eugenol), ile inayokufisha ganzi ukiitafuna karafuu kwa jino bovu. Madaktari wa meno huichanganya na oksaidi ya zinki kupata saruji ya kuzibia meno kwa muda. Viwanda vya manukato, dawa za meno na vionjo vya vyakula vinaihitaji pia. Indonesia, ambayo ndiyo mkulima mkubwa kuliko wote duniani, hutumia sehemu kubwa ya karafuu zake kwenye sigara za kretek, ndiyo maana mavuno yao yakiwa mabaya bei inatikisika mpaka huku.

Kisheria mkulima wa Zanzibar humuuzia karafuu Shirika la Taifa la Biashara, ZSTC. Anayekuahidi kontena la karafuu za Pemba nje ya njia hiyo anakuuzia magendo, na zaidi ya kosa lenyewe, karafuu za magendo mara nyingi zimesafirishwa usiku zikiwa mbichi nusu.

Makonyo wengi huyapita, nami naona ni kosa. Yana mafuta asilimia 5 hadi 7 tu, lakini mafuta hayo ni yujeno karibu tupu, mara nyingi zaidi ya asilimia 90. Kama kiwanda chako kinataka yujeno na hakijali harufu ile laini ya karafuu yenyewe, hakuna sababu ya kulipia karafuu. Kiwanda cha Wawi, Chake Chake, kinakamua mafuta ya makonyo kwa mvuke. Mafuta haya ni mazito kuliko maji, kwa hiyo kwenye chombo cha kutenganishia huchotwa chini, si juu. Yakikaa kwenye chuma kitupu hugeuka meusi. Yataka chuma kisichoshika kutu, alumini au kioo. Plastiki nyingi huzilainisha. Jambo jingine la karatasini: karafuu na makonyo vyote viko chini ya namba moja ya forodha, 0907, basi maelezo ya ankara yaseme wazi ni kipi. Na unga wa karafuu usiagize kabisa. Makonyo yaliyosagwa ndani yake huyaoni.

Mwani ni habari nyingine. Huo mtu binafsi anaweza kuununua, na kilimo chake cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, sehemu kubwa mikononi mwa wanawake. Tuna wa aina mbili: mwembamba, spinosum, wenye miiba midogo midogo, na mnene, cottonii, wenye matawi manono laini. Mwembamba hutoa karajini, kitu cha kugandishia vyakula, aina ya iota, inayofanya jeli laini yenye kunyumbulika ikikutana na kalisi. Mnene hutoa kappa, jeli ngumu yenye kukatika, inayopata nguvu kwa potasiamu. Ndizo zinazoshikilia aiskrimu, dawa ya meno, nyama za makopo na chakula cha paka. Kwenye lebo tafuta E407, ndiyo namba ya karajini. Aina mbili zikichanganywa kwenye robota moja, kiwanda hakijui kitapata jeli gani, na mzigo hushushwa bei au hukataliwa. Mnene una bei nzuri zaidi, ila hauvumilii maji ya moto. Huko Unguja mwani mnene umekuwa ukifa mashambani, na Pemba ndiko unakopatikana zaidi.

Maji yake hayafanani na ya karafuu. Mwani husafiri vizuri ukiwa na asilimia 35 hivi, na hauozi, kwa kuwa chumvi iliyomo inauhifadhi. Kwa sababu hiyo hiyo mvua ikiunyeshea ukiwa juani ni hasara kubwa: maji yasiyo na chumvi huiosha chumvi yake, mwani ukawa mweupe na jeli yake ikadhoofika. Uliovunwa kabla ya wiki 6 nao una jeli dhaifu. Dai uwe umeanikwa kwenye chanja au nyavu, usilale mchangani, na ukung'utwe kabla ya kufungwa. Fungua robota moja, ukung'ute juu ya turubai jeupe, upime kinachoanguka. Hicho ndicho unachokaribia kulipia nauli ya baharini.

Kontena lenyewe likaguliwe kabla ya kupakia. Ingia ndani, fungiwa milango, utazame: penye mwanga pana tundu. Inuse sakafu; kama lilibeba samaki, karafuu zitakuambia baadaye. Karafuu na mwani visipakiwe pamoja, wala karafuu na chai au mchele. Kontena likitoka kwenye joto letu kwenda bahari za baridi, bati la juu hupoa usiku, mvuke wa ndani hugeuka matone na kudondokea magunia ya juu. Weka chaga za mbao chini, tandika karatasi ngumu kwenye kuta na juu ya mzigo, tundika mifuko ya kloridi ya kalisi ya kunyonya unyevu.

Karatasi za kudai ni cheti cha afya ya mimea, cheti cha uasili, hati ya shehena na majibu ya maabara yanayotaja namba ya mzigo wako. Kama unapeleka Ulaya, usikubali karafuu zilizofukizwa kwa gesi ya ethilini oksaidi. Huko imepigwa marufuku kwenye vyakula. Zisafishwe kwa mvuke.

Kabla kontena halijafungwa, chukueni sampuli kutoka magunia tofauti, mzichanganye, mgawe mafungu matatu yenye lakiri: moja la muuzaji, moja la mnunuzi, la tatu kwa mkaguzi asiyeajiriwa na yeyote kati yenu. Mzigo ukifika na unyevu mwingine, hilo la tatu ndilo litakalofunguliwa, na lipimwe kwa njia ile ile iliyoandikwa kwenye mkataba.