Siku ya Kurudisha Fomu

Agosti 21, 2015, saa 10 kamili jioni, uteuzi wa wagombea ubunge ulikuwa unafungwa nchi nzima. Diwani wa kata yetu alikuwa ameshinda kura za maoni ndani ya chama, na mitaani walishaanza kumwita mbunge. Mimi nilikuwa nimeshika mkoba wa karatasi zake. Nimeona niiandike siku ile kwa sababu watu wengi hukumbuka mikutano, nyimbo na fulana, wakati njia ya kutoka Baraza la Madiwani hadi Dodoma inapita kwanza kwenye fomu, na fomu haimjui mtu kwa umaarufu wake.

Fomu yenyewe ilikuwa Namba 8B. Ya urais ilikuwa 8A, ya udiwani 8C. Diwani wetu aliwahi kuwa mwenyekiti wa mtaa tangu 1999, akajaza fomu ya udiwani mwaka 2005, akaijaza tena 2010, na kwenye timu wapo waliodhani mambo ni yale yale. Hayakuwa yale yale. Udiwani ulitaka wadhamini 10 na dhamana ya shilingi 5,000. Ubunge ulitaka wadhamini wasiopungua 25 na dhamana ya shilingi 50,000. Pesa haikusumbua. Kilichosumbua ni kwamba kila mdhamini lazima awe mpiga kura aliyeandikishwa ndani ya jimbo.

Asiyeishi Dar es Salaam anaweza kuona hilo ni jambo jepesi. Mwaka ule daftari la wapiga kura liliandikwa upya kwa mashine za BVR, zinazochukua picha na alama za vidole, na mkoa wetu ulifikiwa mwishoni kabisa, kuanzia Julai 22 hadi siku za mwanzo za Agosti. Foleni zilikuwa za kutisha. Mtu analala Mbagala, anauza duka Kariakoo, akasikia kituo cha karibu na shemeji yake Ubungo hakina watu, akaenda kujiandikisha huko. Ni jirani yako wa miaka 20, mnazikana na mnaozeshana, lakini kwa fomu ile ni mpiga kura wa jimbo la watu wengine. Isitoshe, kadi za zamani zilikuwa hazitumiki tena, na watu wengi walikuwa nazo bado, zimehifadhiwa vizuri kwenye nailoni pamoja na cheti cha ndoa.

Hapo ndipo miaka 10 ya udiwani ilipofanya kazi. Mvua kubwa za Desemba 2011 zilipoleta mafuriko jijini na baadhi ya waathirika wakahamishiwa Mabwepande, diwani alijaza daftari kubwa nyumba kwa nyumba: mwenye nyumba, wapangaji, nani kahama, nani kabaki. Baadaye alilitumia kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo diwani ndiye mwenyekiti wake, kila likija suala la mitaro au madawati. Kwa hiyo alipotafuta wadhamini hakutangaza kwenye kundi la simu wala hakuwaita wapambe. Alikaa na daftari lile akachagua watu wasiohamahama: mama wa kikoba, fundi cherehani, mwalimu mstaafu, shehe wa msikiti wa jirani. Kwa kata nyingine za jimbo aliwapigia wenyeviti wa mitaa aliofahamiana nao, kila mmoja amletee watu wachache anaowajua kwa sura na kwa nyumba.

Tuliita watu 40. Anayeita 25 kamili anajitafutia msiba, maana akianguka mmoja fomu nzima imekufa.

Ukaguzi tuliufanya usiku wa kuamkia siku ile, kwenye baraza ya nyumba ya diwani. Mtu anakuja na kichinjio chake, yaani kadi ya mpiga kura, chenyewe mkononi. Kwanza tunatazama kama ni kipya. Pili tunasoma kata na kituo alichoandikishwa, tunalinganisha na orodha ya kata za jimbo. Tatu mmoja anasoma namba tarakimu kwa tarakimu, mwingine anaandika, kisha wanabadilishana. Jina linaandikwa kama lilivyo kwenye kadi hata kama karani wa uandikishaji alikosea herufi, kwa sababu kitakacholinganishwa ni daftari la Tume ya Uchaguzi. Mwisho tunauliza: kuna mgombea mwingine wa ubunge uliyemsainia? Swali hilo linawaudhi watu, lakini ni la lazima. Mpinzani mjanja anaweza kumwahi mdhamini wako kwa kumwambia asaini karatasi ya mahudhurio, na jina lilelile likionekana kwenye fomu mbili, pingamizi limepata pa kuanzia.

Bibi mmoja alileta kadi ya zamani.

"Bibi, hii ya mwaka huu iko wapi?" diwani alimuuliza.

"Mwanangu, mimi nimepigia hii miaka yote. Hiyo nyingine nilijua ni ya kuazima tu."

Kijana alitumwa kwake kwa bodaboda akaileta mpya. Wengine hawakuwa na bahati hiyo. Wanne walikuwa wameandikishwa majimbo jirani, tukawashukuru wakaenda zao. Wasiojua kusaini waliweka dole gumba. Hapo tulijifunza kupaka wino kidogo sana na kumwambia mtu asisugue kidole, abonyeze mara moja tu, kwa sababu dole lililotapakaa hadi mstari wa jirani linaharibu sahihi mbili.

Tamko la kisheria lilikuwa limekamilika siku moja kabla, mbele ya hakimu Kisutu. Mgombea anatakiwa asaini pale pale, hakimu akimwona. Ukifika umeshasaini nyumbani, unarudishwa. Pia majina yafanane kila mahali. Diwani wetu anajulikana kata nzima kwa jina la mtaani, na barua moja ya chama ilikuwa imetumia jina hilo. Ikaandikwa upya kwa majina matatu ya kwenye kichinjio.

Asubuhi tulifika kwa msimamizi wa uchaguzi mapema, saa 4 haijafika. Wapo waliotaka tungoje mchana ili msafara uwe mkubwa, matarumbeta yapige. Diwani alikataa, na nilimheshimu sana kwa hilo. Msimamizi akipokea fomu asubuhi, kasoro akiiona una saa kadhaa za kuirekebisha. Akipokea saa 9 na nusu, kasoro hiyohiyo inakuua.

Na kasoro ilikuwepo. Sehemu ya chama ilikuwa imesainiwa kwenye nakala zote, lakini nakala moja haikuwa na muhuri. Ofisi iliyogonga mihuri iliruka karatasi moja, pengine zilishikana. Ofisa aliyekuwa anakagua alitugeuzia ukurasa bila maneno mengi. Gari lisingefaa kitu: siku hiyohiyo wagombea urais walikuwa wakirudisha fomu zao mjini, John Magufuli na Edward Lowassa wakiwa na misafara yao, na barabara za kuingia katikati zilikuwa zimejaa. Bodaboda alipita vichochoroni na nakala ile ndani ya bahasha ngumu, mtu wa timu nyuma yake. Walirudi kabla ya adhuhuri muhuri ukiwa haujakauka vizuri.

Stakabadhi ya dhamana ilikuwepo, picha zilikuwepo, na fomu ya kukubali Maadili ya Uchaguzi ilikuwa imesainiwa. Msimamizi alipokea. Mgombea wa chama kingine alifika saa 9 imeshapita akiwa na watu wengi na ngoma, akaambiwa wadhamini wake wawili namba zao hazisomeki. Sikubaki kuona alimalizaje.

Jioni jina la diwani lilibandikwa kwenye ubao. Lakini pingamizi lilikuwa linapokelewa hadi saa 10 jioni ya kesho yake, Agosti 22, siku ambayo kampeni zilianza. Wenzetu walienda kwenye mkutano, sisi wachache tukabaki karibu na ofisi tukiwa na nakala za vichinjio vya wadhamini wote, ili likija pingamizi tujibu kwa karatasi badala ya kelele. Halikuja. Miaka mitano baadaye, uchaguzi wa 2020, nilisoma jinsi wagombea wengi walivyoenguliwa kwa kasoro za fomu, nikawaonea huruma hasa wadhamini wao, waliotoka majumbani kwao kwa nia njema.

Diwani alishinda Oktoba 25. Mkoba ule hatukuutupa, kwa kuwa kesi ya kupinga matokeo inaweza kufunguliwa ndani ya siku 30 tangu yatangazwe. Alipokwenda kula kiapo Dodoma Novemba, katika mkutano wa kwanza wa Bunge la 11, siku hizo zilikuwa bado hazijaisha, na nakala moja ya 8B alisafiri nayo.