Nuru ya dhahabu, nuru ya jua

Ukitaka kujua imani ya mchoraji, tazama anavyoichora nuru. Mchoraji wa ikoni, yaani picha takatifu za Kikristo, kwa mtindo wa Bizanti (milki ya kale ya Kikristo ya mashariki), hupaka ubao tabaka kadhaa za unga wa chaki na gundi ya ngozi, kila moja ikikauka kwanza. Gundi ya juu ikiwa nzito kuliko ya chini, hupasuka. Kisha hubandika dhahabu. Rangi hukorogwa na kiini cha yai, na uso huanza na kahawia iliyokolea kuelekea weupe, bila kivuli cha upande mmoja. Huko si kukosa ufundi, jamani: nuru ya Mungu haina upande.

Naye mchoraji Mfaransa Claude Monet, miaka ya 1890, alilichora kanisa kuu la mji wa Rouen, Ufaransa, zaidi ya mara 30. Ukuta uleule, jua la saa nyingine.